Miaka ya Mwisho ya Vita vya Msumbiji, 1985–1992: Mafunzo kwa Makada

Ndugu zetu wengi wanaoanza masomo ya itikadi huijua sura ya kwanza ya historia ya Msumbiji, lakini sura ya pili hawaijui. Wanajua kwamba FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kwamba Ndugu Eduardo Mondlane aliuawa katika jiji hilo hilo tarehe 3 Februari 1969, na kwamba Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Baada ya hapo kitabu hufungwa. Watu husimulia kana kwamba bendera ilipopandishwa Maputo, bunduki nazo zilinyamaza.

Bunduki hazikunyamaza. Nchi ile iliingia katika vita vingine vilivyodumu miaka 16, na ambavyo kwa makadirio ya kawaida vilipoteza maisha ya watu wapatao milioni moja kwa risasi, njaa na maradhi. Makala hii inashughulikia kipindi cha mwisho cha vita hivyo, yaani kuanzia 1985 hadi 1992. Tunataka kueleza kampeni za kijeshi za kipindi hicho, kuonyesha kwa nini hakuna upande ulioweza kushinda kwa silaha, na kutoa mafunzo yanayomhusu kada wa leo.

Kwa nini tujadili jambo hili hapa Mshangano? Kwa sababu sisi wa Songea hatukuitazama Msumbiji kwa mbali. Ukitoka mjini ukashika njia ya kusini unafika Muhukuru, mahali palipokuwa na makazi ya wakimbizi wa Msumbiji enzi za ukombozi, na ukiendelea unafika mpakani Mkenda. Ng'ambo ya mto ni Matchedje, katika jimbo la Niassa, ambako FRELIMO ilifanya Mkutano Mkuu wake wa Pili mwezi Julai 1968. Wapo wazee katika mkoa wetu wenye ndugu wa damu pande zote mbili za mto Ruvuma. Mto huo haujawahi kuzuia habari, njaa wala risasi.

1. Vita vya nani?

Kada anayetaka kuelewa vita lazima aanze na swali hili: ni nani anapigana na nani, na kwa faida ya nani? Katika suala la Msumbiji yalitolewa majibu mawili yaliyopingana.

Jibu la kwanza lilikuwa la serikali ya FRELIMO. Ilisema kwamba hakuna vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuna uchokozi kutoka nje, na wanaoitwa RENAMO ni majambazi wenye silaha tu. Jibu hili lilikuwa na msingi imara. Mwezi Machi 1976 Msumbiji ilifunga mpaka wake na Rhodesia ili kuunga mkono ukombozi wa Zimbabwe. Idara ya ujasusi ya Rhodesia ikawakusanya Wasumbiji waliotoroka, ikawapa silaha, mafunzo na redio, na hivyo ndivyo RENAMO ilivyozaliwa. Kiongozi wake wa kwanza, André Matsangaíssa, alikuwa askari wa zamani wa FRELIMO aliyetoroka kutoka kambi ya mafunzo ya kurekebisha tabia. Alipouawa huko Gorongosa mwezi Oktoba 1979, nafasi yake ilichukuliwa na Afonso Dhlakama. Zimbabwe ilipopata uhuru mwezi Aprili 1980, makaburu wa Afrika Kusini wakalichukua jeshi hilo, wakalilisha na kulipa silaha. Shabaha yao ilikuwa wazi: kuiadhibu Msumbiji kwa kuwahifadhi wapigania uhuru wa ANC, na kuzifunga reli na bandari ambazo zingeziwezesha nchi za ndani kuacha kuitegemea Afrika Kusini.

Jibu la pili lilisema kwamba vita vilitokana na makosa ya FRELIMO yenyewe. Nalo halikuwa uzushi mtupu. Baada ya uhuru, viongozi wa jadi waliondolewa madarakani na kudharauliwa hadharani. Wakulima wengi walisukumwa kuingia vijiji vya pamoja kabla ya kuelewa sababu. Mwaka 1983 ilifanywa Operesheni Uzalishaji, ambapo maelfu ya watu wa mijini walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa kwa nguvu mashambani, wengi wao katika jimbo la Niassa, jirani zetu hawa. Mtafiti Mfaransa Christian Geffray, aliyefanya kazi katika jimbo la Nampula, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 jinsi baadhi ya wakulima walivyoona ujio wa RENAMO kuwa nafasi ya kurudi kwenye mashamba na makaburi ya babu zao.

Msimamo wetu katika makala hii ni kwamba majibu haya mawili hayapaswi kutenganishwa. Bila Rhodesia na makaburu, RENAMO isingezaliwa wala kukua. Lakini bila manung'uniko ya wakulima, mbegu ile iliyotoka nje isingepata udongo wa kuota. Adui wa nje hawezi kuunda ufa mahali pasipokuwa na ufa. Anachofanya ni kutia kabari kwenye ufa uliopo na kuupiga nyundo. Tukilisahau hili, hatutaelewa kampeni zilizofuata.

2. Gorongosa: kukamata si kushika

Tarehe 16 Machi 1984 Rais Samora Machel alitia sahihi Mkataba wa Nkomati na Afrika Kusini. Msumbiji ilikubali kuwaondoa wapiganaji wa ANC. Afrika Kusini ikakubali kuacha kuisaidia RENAMO. Msumbiji ilitimiza ahadi yake. Vita badala ya kupungua vikaongezeka.

Mwezi Juni 1985 viongozi watatu, Ndugu Machel, Mwalimu Nyerere na Ndugu Robert Mugabe, walikutana Harare na kukubaliana juu ya msaada wa kijeshi kwa Msumbiji. Majeshi ya Zimbabwe yalikuwa tayari nchini humo tangu mwaka 1982 yakilinda njia ya Beira, yaani reli, barabara na bomba la mafuta linalofika Mutare. Sasa yaliruhusiwa kutoka katika ulinzi na kuingia katika mashambulizi. Mwishoni mwa Agosti 1985 askari wa Zimbabwe na wa Msumbiji waliivamia Casa Banana, makao makuu ya RENAMO katika wilaya ya Gorongosa, wakaitwaa.

Humo kambini yalipatikana madaftari ya kumbukumbu yaliyoonyesha kwamba Afrika Kusini ilikuwa imeendelea kuisaidia RENAMO baada ya Nkomati. Serikali ya makaburu ililazimika kukiri kwamba mkataba ulikuwa umevunjwa, ingawa ilijitahidi kuuita uvunjaji huo mambo madogo ya kiufundi. Kwa upande wa siasa huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko kambi yenyewe.

Lakini kijeshi kilifuata kisa ambacho kila kada anapaswa kukitafakari. Wazimbabwe waliikabidhi Casa Banana kwa askari wa Msumbiji. Mwezi Februari 1986 RENAMO ikarudi na kuitwaa tena. Mwezi Aprili Wazimbabwe wakalazimika kuipigania upya. Kambi moja, ndani ya miezi minane, ilibadilika mikono mara tatu.

Sababu si kwamba askari wa Msumbiji walikuwa waoga. Hao ndio waliokuwa warithi wa jeshi lililomshinda Mreno. Ila jeshi hilo lilikuwa limebadilishwa kutoka jeshi la msituni kuwa jeshi la kawaida lenye vifaru na mizinga, likijiandaa kupambana na uvamizi wa jeshi la Afrika Kusini. Adui aliyekuja hakuwa na vifaru. Alikuja kwa miguu, usiku, katika vikundi vidogo. Tena askari wa mbele mara nyingi walikosa chakula, viatu na mishahara. Askari mwenye njaa hawezi kulinda kijiji, kwa sababu yeye mwenyewe anageuka mzigo wa kijiji hicho. Enzi za ukombozi mpiganaji wa FRELIMO alilima pamoja na wananchi na kula walichokula; sasa kulikuwa na askari walioichukua mihogo ya mkulima na kuondoka. Pale uhusiano huo ulipokatika, Casa Banana ilikuwa imeshapotea kabla ya risasi ya kwanza.

3. Zambezia na jukumu la JWTZ

Mwaka 1986 ulikuwa mgumu kuliko yote. Mwezi Septemba Ndugu Machel, Ndugu Mugabe na Ndugu Kenneth Kaunda walikwenda Blantyre kumtaka Rais Kamuzu Banda wa Malawi aache kuipa RENAMO hifadhi. Muda mfupi baadaye vikosi vikubwa vya RENAMO vilimiminika kutoka upande wa Malawi na kuingia majimbo ya Zambezia na Tete. Miji ya bonde la Zambezi kama Mutarara, Sena na Caia ilianguka. Shabaha ilionekana kuwa kufika baharini karibu na Quelimane, na hivyo kuikata Msumbiji vipande viwili, kaskazini na kusini.

Katikati ya mapambano hayo, tarehe 19 Oktoba 1986, ndege ya Rais Machel ilianguka Mbuzini ndani ya ardhi ya Afrika Kusini alipokuwa akirejea kutoka mkutanoni Zambia. Taifa likampoteza kiongozi wake katika saa ya hatari. Ndugu Joaquim Chissano akashika uongozi mwezi Novemba. Mwezi Desemba Malawi ilikubali kutia sahihi makubaliano ya usalama na Msumbiji, na mwaka uliofuata ikapeleka askari mamia kadhaa kusaidia kulinda reli ya Nacala.

Hapo ndipo Tanzania ilipoingia kwa wingi. Askari wa JWTZ wanaokadiriwa kufikia 3,000 walipelekwa Zambezia. Tukumbuke hali ya nchi yetu wakati huo. Vita vya Kagera vya 1978–1979 vilikuwa vimetuacha na madeni, maduka yalikuwa matupu kwa miaka kadhaa, na mwaka huo huo wa 1986 serikali ya Awamu ya Pili ilikuwa imefikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti magumu. Msaada uliotolewa kwa Msumbiji haukuwa wa mtu mwenye ghala iliyojaa.

Mwanzoni mwa 1987 majeshi ya Msumbiji na Zimbabwe yaliikomboa miji ya bonde la Zambezi mmoja baada ya mwingine. Katika Zambezia, JWTZ ilishika ulinzi wa sehemu muhimu na kuwapa askari wa Msumbiji nafasi ya kujipanga upya na kusonga mbele. Mpango wa kuikata nchi ulishindwa. Hilo ni jambo kubwa, na askari wetu waliozikwa Naliendele, Mtwara, ni sehemu ya gharama iliyolipwa na nchi yetu kwa uhuru na umoja wa Msumbiji.

Mwishoni mwa mwaka 1988 majeshi yetu yalirudi nyumbani. Gharama zilikuwa zimezidi uwezo wa nchi. Hapa ni lazima tuseme jambo ambalo hotuba za sherehe huliruka: kurudi kwa JWTZ hakukutokana na kumalizika kwa vita. Vita viliendelea kwa karibu miaka minne zaidi. Majeshi rafiki yalizuia nchi isianguke, lakini hayakuweza kuleta amani. Jeshi rafiki linaweza kulinda daraja, reli na makao ya wilaya. Kazi ya kurudisha imani ya mkulima kwa dola yake haiwezi kufanywa na mgeni, hata awe ndugu wa namna gani.

4. Vita dhidi ya raia

Baada ya kushindwa kuikata nchi, RENAMO ilitawanya nguvu zake, na macho yake yakageukia kusini. Tarehe 18 Julai 1987 mji mdogo wa Homoine, jimbo la Inhambane, ulivamiwa, na kwa hesabu ya serikali watu 424 waliuawa, wakiwamo wagonjwa waliokuwa hospitalini. Misafara ya mabasi na malori ilichomwa barabarani. Shule, zahanati na maduka ya vijijini yalikuwa shabaha kabla ya kambi za jeshi. Nguzo za umeme kutoka Cabora Bassa ziliangushwa kwa mamia, na bwawa kubwa likabaki halina kazi.

Mwezi Aprili 1988 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo hakuna anayeweza kuituhumu kwa kuipenda FRELIMO, ilitoa taarifa iliyoandaliwa na Robert Gersony. Yeye aliwahoji karibu wakimbizi 200 katika sehemu mbalimbali. Alikadiria kwamba RENAMO ilikuwa imewaua raia wapatao 100,000. Tena alieleza jinsi maeneo yalivyogawanywa: kuna maeneo ambako wakulima walitozwa chakula, kuna maeneo ya udhibiti ambako watu waliwekwa chini ya ulinzi, wakalima na kubeba mizigo kwa kulazimishwa, na kuna maeneo ya kuteketezwa, ambako vijiji vilifutwa.

Taarifa hiyo iliwafunga mdomo wale waliokuwa wakitaka serikali za Magharibi ziiunge mkono RENAMO kama Marekani ilivyokuwa ikifanya kwa UNITA ya Angola. Lakini kwa mwanafunzi wa itikadi ina somo jingine. Kiongozi wa wapiganaji anayetafuta kutawala hulinda shule na zahanati, kwa kuwa kesho zitakuwa zake. Mwenye kuziteketeza anataka kuthibitisha jambo moja tu kwa mkulima, kwamba serikali haiwezi kumlinda. Na kila mara serikali iliposhindwa kumlinda, au askari wake wenyewe walipomnyang'anya, hoja hiyo ya damu ilipata nguvu.

5. Naparama: dawa na risasi

Katika mwaka 1990 lilitokea jambo ambalo sisi wa Songea tunapaswa kulisoma kwa makini kuliko wengine. Katika majimbo ya Zambezia na Nampula alijitokeza mganga kijana aliyeitwa Manuel António. Aliwachanja wakulima dawa, akawaambia kwamba risasi hazitawadhuru wakishika miiko yake. Wafuasi wake, walioitwa Naparama, walikwenda vitani na mikuki, mapanga na vitambaa vyekundu. Na wakashinda. RENAMO ilikimbia sehemu nyingi ambako jeshi la serikali lilikuwa limeshindwa kwa miaka, na watu wengi waliokuwa wametekwa au kuhamishwa wakarudi kwenye maeneo yao.

Kada mvivu atasema huu ni ushirikina, kisha atafunga daftari. Kada mwingine, mwenye kupenda sifa za kale, atasema kumbe dawa hufanya kazi. Wote wawili wamekosea. Hapa Songea mababu zetu walikunywa maji mwaka 1905, na tunajua kilichowapata mbele ya bunduki za Mjerumani. Mwezi Februari 1906 viongozi wa vita walinyongwa hapa hapa Songea, na mashamba yalichomwa mpaka njaa ikamaliza kile ambacho risasi hazikukimaliza. Dawa haigeuzi risasi kuwa maji.

Basi Naparama walishinda kwa nini? Kwanza, dawa iliwapa wakulima waliotawanyika na kuogopa kitu kilichowaunganisha, bila kujali kabila wala ukoo. Pili, miiko ilikuwa nidhamu: ilikatazwa kuiba mali na kudhulumu wananchi, mambo ambayo majeshi yote mawili yalikuwa yakiyafanya. Tatu, wapiganaji wa RENAMO nao waliamini sana mizimu na waganga, hivyo waliogopa uganga uliodhaniwa kuwa na nguvu kuliko wao. Na nne, hawa walikuwa wanapigania mashamba yao wenyewe. Kwa maneno mengine, kilichofanya kazi ni umoja, nidhamu na sababu ya kupigana, vikiwa vimevaa kanzu ya uganga.

Mwishoni mwa 1991 Manuel António aliuawa katika mapigano huko Macuse, Zambezia. Nguvu ya kundi ikapungua. Pengo lilikuwa lile lile la mwaka 1905: harakati iliyosimama juu ya mtu mmoja na dawa moja haiwezi kuishi baada ya mtu huyo kulala na dawa hiyo kushindwa. Lakini swali linabaki kwa Chama chochote kilichoko madarakani. Ikiwa mganga mmoja aliweza kuwapa wakulima umoja, nidhamu na sababu ndani ya miezi michache, makada wa dola walikuwa wapi kwa miaka 10 iliyotangulia?

6. Kwa nini amani ilipatikana

Kufikia 1989 ilikuwa wazi kwamba vita vimekwama. Serikali ilishika miji na njia kuu za reli. RENAMO ilitembea katika sehemu kubwa ya vijiji bila kuweza kushika mji mkubwa hata mmoja. Kila upande ulikuwa na nguvu ya kutosha kumzuia mwenzake asishinde, na hakuna uliokuwa na nguvu ya kushinda.

Hapo mabadiliko ya nje na ya ndani yakakutana. Urusi ya Kisovieti ilianza kupunguza misaada, na mwisho wa 1991 dola yenyewe ikavunjika. Afrika Kusini ilibadilika pia: F. W. de Klerk aliingia madarakani mwaka 1989, na Februari 1990 ANC ikaruhusiwa kufanya kazi hadharani. Mkutano Mkuu wa Tano wa FRELIMO, mwezi Julai 1989, uliacha kuutaja Umaksi-Ulenini kuwa itikadi rasmi ya chama. Katiba mpya ya Novemba 1990 iliruhusu vyama vingi. Hivyo baadhi ya hoja za RENAMO zilichukuliwa mikononi mwake kabla haijafika mezani.

Mazungumzo yalianzia kwa viongozi wa makanisa waliokutana na RENAMO Nairobi mwaka 1989. Mwezi Julai 1990 yakahamia Roma, kwa usuluhishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira na serikali ya Italia. Yalichukua zaidi ya miaka miwili. Kisha ukaja ukame mkubwa wa 1991–1992. Jeshi la msituni huishi kwa mihogo na mahindi ya mkulima. Mkulima asipovuna, mpiganaji naye hali. Ukame ulifanya kazi ambayo mizinga ilishindwa kuifanya. Tarehe 4 Oktoba 1992 Ndugu Chissano na Bwana Dhlakama walitia sahihi Mkataba wa Amani mjini Roma.

Umoja wa Mataifa ulipeleka kikosi cha ONUMOZ cha maelfu ya watu. Wakimbizi wapatao milioni 1.7, zaidi ya milioni moja kati yao wakiwa Malawi, walianza kurejea. Mpango ulikuwa kuunda jeshi jipya la askari 30,000, nusu kwa nusu. Waliojitolea kujiunga hawakufika hata nusu ya idadi hiyo, maana vijana wa pande zote mbili walikuwa wamechoka na bunduki. Katika uchaguzi wa Oktoba 1994 FRELIMO ilipata viti 129 kati ya 250, na RENAMO 112. Matokeo haya yalimshtua kila aliyekuwa ameamini kwamba RENAMO haikuwa kitu ila majambazi. Mamilioni ya wakulima walikuwa na la kusema, na walilisema kwa kura mara tu walipopewa nafasi.

7. Mafunzo

Tunatoa mafunzo manne.

La kwanza: jina baya unalompa adui lisiwe pazia la kukuzuia usione. Kumwita adui jambazi kunasaidia kumchukia, lakini hakukuelezi kwa nini anapata chakula kijijini. Kazi ya kada ni kueleza, na hawezi kueleza asichokichunguza.

La pili: siasa ya kulazimisha huzaa msikilizaji wa adui. Mpango unaweza kuwa mzuri kwenye karatasi. Ukiutekeleza kwa mabavu, mkulima hatakumbuka karatasi, atakumbuka mabavu. Sisi tuliopitia Operesheni Vijiji hatuhitaji kuambiwa mara mbili tofauti ya kijiji kilichohamia kwa kushawishika na kijiji kilichohamishwa kwa malori.

La tatu: mshikamano wa kimataifa ni wajibu, lakini una mipaka. Majeshi rafiki huokoa dola isianguke. Hayawezi kuijengea dola hiyo imani ya watu wake.

La nne: amani isiyotunzwa huoza. Mapigano kati ya serikali na RENAMO yalirudi mwaka 2013, na ilibidi mikataba mipya itiwe sahihi Agosti 2019, mwaka mmoja baada ya kifo cha Dhlakama. Kambi ya mwisho ya wapiganaji wa RENAMO ilifungwa mwezi Juni 2023, yaani zaidi ya miaka 30 baada ya Roma. Wakati huo huo moto mwingine ulikuwa umewaka. Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji wenye msimamo mkali walishambulia Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, na Oktoba 2020 walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Chimbuko la vita hivi vipya si lile la vita vya zamani. Lakini mwenye kuchunguza atakuta tena vijana wasio na ardhi wala kazi, utajiri unaochimbwa mbele ya macho yao bila wao kuuonja, na adui aliyekuja na kabari yake kutafuta ufa.

Kwa sababu hiyo kada wa mkoa wa mpakani hapaswi kusubiri taarifa ya ulinzi ndipo ajue hali ya kijiji chake. Ajue mapema nani amenyang'anywa shamba, kijana gani ameondoka na hajulikani alipo, pembejeo zimemfikia nani na zimeishia wapi. Mambo haya yanaonekana madogo katika kumbukumbu za vikao vya tawi. Ng'ambo ya mto yaligharimu miaka 16.

Maswali ya kujadili darasani:

(a) Eleza kwa nini Casa Banana ilibadilika mikono mara tatu kati ya Agosti 1985 na Aprili 1986.

(b) Linganisha harakati za Naparama na Vita vya Maji Maji. Zinafanana wapi, na zinatofautiana wapi?

(c) Je, vita vya Msumbiji vilikuwa uchokozi wa nje au vita vya wenyewe kwa wenyewe? Toa ushahidi wa kila upande kabla ya kutoa msimamo wako.

(d) Taja manung'uniko matatu ya wananchi wa tawi lako ambayo hayajapatiwa jibu, na ueleze utafanya nini kabla ya kikao kijacho.